Uchovu wa watumishi wa afya unaanzia kwenye ratiba ya zamu

Uchovu sugu wa kazini humpata mtu ambaye msongo wa kazi umemwandama miezi au miaka bila kutafutiwa ufumbuzi. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu yake mwaka 1974, baada ya kuwaona wahudumu wa kujitolea wa kliniki moja ya bure jijini New York wakianza kazi kwa ari kubwa, kisha ari ikawaisha na afya ikafuata. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka katika toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, likisisitiza kwamba si ugonjwa bali ni hali inayotokana na kazi. Dalili zake ni tatu, na yeyote aliyewahi kuuguza ndugu hospitalini amekutana nazo hata kama hakuzijua kwa jina. Kwanza, mtu huishiwa nguvu kiasi kwamba usingizi wa usiku mmoja haumrudishi. Pili, moyo wake hujitenga na kazi, akawa anaona mafaili badala ya wagonjwa. Tatu, hujiona hana analolifanikisha hata akijitahidi vipi.

Tanzania dalili hizi huelezwa kwa lugha nyingine. Muuguzi anayejibu kwa mkato huambiwa hana wito. Daktari anayechelewa kufika wodini huitwa mvivu. Kauli ya wito ina ukweli wake, kwani kumhudumia mgonjwa ni kazi isiyofanyika vizuri na asiyeipenda. Hata hivyo imetumika mno kufunika jambo linalopimika: idadi ya wagonjwa, idadi ya watumishi na saa walizokaa macho. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, aliyetunga pamoja na Susan Jackson dodoso la kupima uchovu huu mwaka 1981, alionyesha baadaye na mwenzake Michael Leiter kwamba chanzo kipo katika maeneo sita ya kazi yenyewe: mzigo wa kazi, uwezo wa mtu kuamua namna anavyoifanya, malipo na shukrani, mahusiano na wenzake, haki, na kulingana kwa kazi hiyo na yale anayoyaamini. Hakuna hata moja kati ya hayo sita linaloponywa kwa kumwambia mtu ajikaze.

Katika Dar es Salaam hesabu inaanza na watu. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa mzima. Manispaa ya Temeke ilikuwa na 1,346,674 na Kinondoni 982,328, na hapo ni baada ya Kigamboni na Ubungo kumegwa na kuwa manispaa zinazojitegemea. Ripoti ya WHO ya mwaka 2006 ilikadiria kuwa nchi yenye madaktari, wauguzi na wakunga chini ya 2.28 kwa kila watu 1,000 haiwezi kuwafikia wajawazito walio wengi kwa huduma ya kujifungua inayostahili. Malengo ya Maendeleo Endelevu yalipowekwa, kiwango hicho kikapandishwa hadi 4.45. Kwa kiwango kipya, Temeke peke yake ingehitaji watumishi wa kada hizo karibu 6,000. Kwa kile cha zamani, zaidi ya 3,000. Tanzania haijafika hata kile cha zamani, na kwa miaka mingi mipango ya Wizara ya Afya yenyewe imekuwa ikitaja upungufu wa takriban nusu ya watumishi wote wanaohitajika.

Ni kweli jiji lina watumishi wengi kuliko vijijini. Lakini jiji ndilo linalopokea kila rufaa, pamoja na wale wasiosubiri rufaa. Kwa utaratibu, mgonjwa anaanzia zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo afike hospitali ya rufaa ya mkoa. Dar es Salaam hospitali hizo za rufaa ni Mwananyamala, Temeke na Amana, na mtu mwenye homa ya kawaida hupanda daladala akaenda huko moja kwa moja kwa kuamini kwamba ndiko kuliko na daktari. Matokeo yake ni foleni inayoanza kabla ya alfajiri, na wodi ya wazazi ambamo mkunga mmoja anawasimamia wanawake kadhaa walio katika uchungu kwa wakati mmoja. Hospitali ya Wilaya ya Kinondoni iliyojengwa Mabwepande imewapunguzia safari wakazi wa Bunju na Mabwepande. Jengo, hata hivyo, halimpimi mtu presha, na kila jengo jipya lisiloambatana na ajira mpya huwagawanya tu watumishi wale wale.

Mbezi Beach ina sura yake. Kando ya Barabara ya Bagamoyo, kati ya Lugalo na Africana, na katika barabara za ndani zinazoteremka kuelekea baharini, kuna hospitali na kliniki binafsi zinazohudumia watu wenye bima na wenye uwezo wa kulipa taslimu. Sakafu zinang'aa, kiyoyozi kinafanya kazi na foleni ni fupi. Mgonjwa anayeingia saa 12 jioni anaweza kudhani daktari aliyeketi mbele yake ndiyo kwanza ameanza siku. Mara nyingi sivyo. Miongoni mwa madaktari wa kliniki za jioni wamo walioanza kazi hospitali ya umma saa 1:30 asubuhi, wakatoka saa 9:30 alasiri, wakapambana na foleni ya magari hadi Mbezi Beach, na sasa wanafanya kile ambacho wenyewe hukiita patitaimu.

Tuchukue daktari mmoja wa mfano. Amefanya saa 8 za mwajiri wa kwanza, kisha kliniki ya saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Kesho yake anatakiwa tena saa 1:30 asubuhi. Kati ya kutoka na kuingia kuna saa 10 na nusu, na humo ndani lazima apate safari mbili, chakula, watoto na usingizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko yasiyopungua saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, mapumziko ya saa 24 kwa wiki, saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Kwa kila mwajiri peke yake hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa kuwa kila mmoja anahesabu saa zake tu. Ratiba mbili zinazomhusu mtu mmoja hazijawahi kukutanishwa mezani. Hapo ndipo penye pengo kubwa ambalo sera za afya za jijini hazijaligusa, na hakuna sababu ya kumlaumu daktari kwa hilo. Ada za shule, kodi ya nyumba na mikopo, ikiwemo ile ya riba kubwa iitwayo kausha damu, ndiyo humsukuma kwenye kliniki ya jioni. Kama mshahara mmoja ungetosha, madaktari wengi wangekuwa nyumbani saa hizo.

Wauguzi nao wana hesabu yao. Kodi za Mbezi Beach si za mshahara wa muuguzi, kwa hiyo wengi wanaofanya kazi huko wanaishi Boko, Bunju, Madale au mbali zaidi. Anayemaliza zamu ya jioni saa 3 usiku anasimama kituoni akisubiri daladala ambazo zimeanza kuadimika, au anatoa fedha ya bodaboda ambayo hakuipangia. Akipangiwa kuingia asubuhi kesho yake, kitendo ambacho wapanga zamu hukifanya ili kuziba mapengo, naye amenyimwa zile saa 12 za sheria. Zaidi ya hapo, uuguzi kwa sehemu kubwa unafanywa na wanawake, na mwanamke anayerudi nyumbani baada ya zamu anakuta sufuria, madaftari ya watoto na pengine mzazi mgonjwa vinamsubiri. Sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa usiku ni kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na inataka saa hizo zilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Muuguzi wa hospitali binafsi ambaye hajawahi kuiona nyongeza hiyo kwenye hati yake ya mshahara ana haki ya kuuliza iko wapi.

Mwili unaonyimwa usingizi hauna siri. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kwa kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mwaka 2004 utafiti katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali moja ya Boston uligundua kuwa madaktari wa mafunzo kwa vitendo waliofuata ratiba ya zamani, yenye zamu za saa 24 na zaidi, walifanya makosa makubwa ya tiba kwa asilimia 36 zaidi ya wenzao waliopunguziwa saa. Matokeo hayo yanamhusu mgonjwa wa Mbagala sawa na wa Boston. Dozi ya mtoto hukokotolewa kwa uzito wake, na nukta moja ikikosewa dawa huongezeka mara kumi.

Uchovu wa mwili, hata hivyo, ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili haionekani kwenye ratiba: ni kujua kinachotakiwa kufanyika na kukosa cha kukifanyia. Muuguzi ndiye anayemwambia ndugu wa mgonjwa aende akanunue glovu au dawa iliyoisha stoo, na hasira za ndugu humwangukia yeye, ingawa hakuagiza wala hakuchelewesha dawa hiyo. Mkunga ndiye anayeamua nani apewe kitanda cha mwisho. Mtoto akifa, huyo huyo anatakiwa ndani ya nusu saa awe anatabasamu kwa mama mwingine. Katika wodi nyingi hakuna dakika wala mahali palipotengwa kwa ajili ya mtumishi aliyetoka kupoteza mgonjwa.

Kisha huja lawama. Mfumo wa Tanzania wa kufuatilia vifo vya wajawazito na watoto wachanga unataka kila kifo kijadiliwe na timu bila kunyoosheana vidole, ili lijulikane lililokosekana, iwe ni damu, gari la wagonjwa au uamuzi wa mapema. Ni utaratibu mzuri, na unapofuatwa watu husema kweli. Lakini nchi imezoea pia jambo jingine: kiongozi anafika hospitalini na waandishi wa habari, anasikiliza malalamiko kwa dakika chache, na mtumishi anasimamishwa kazi mbele ya kamera. Uzembe upo na unastahili adhabu baada ya uchunguzi. Adhabu inayotangulia uchunguzi huwafundisha wenzake waliobaki wodini jambo moja tu, kuficha. Anayeficha kosa hubaki nalo peke yake, na kubaki nalo peke yake ni njia fupi ya kufikia uchovu huu.

Mzigo wa wagonjwa pia huweza kuhama ghafla. Aprili 2020, Amana ilipogeuzwa hospitali ya wagonjwa wa COVID-19, wagonjwa wake wa kawaida hawakuacha kuugua. Walitafuta huduma kwingine jijini. Tarehe 1 Machi 2024 hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisitisha kupokea kadi za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa kutokubaliana na bei mpya, na wanachama wakaelekezwa kwenye vituo vilivyobaki. Mgogoro ulipoa baada ya siku chache, lakini ulionyesha kwamba ratiba za zamu hazina nafasi ya akiba hata kidogo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itawapeleka hospitalini watu wengi ambao hadi sasa walikuwa wakijitibu kwa vidonge vya duka la dawa. Hilo ni jema kwa wananchi. Kwa mtumishi aliye zamu, ni kichwa cha ziada kwenye foleni ile ile.

Historia ya karibuni inaonyesha nini hutokea malalamiko yanaposubiri. Januari 2012 mgogoro ulioanza na madaktari wa mafunzo kwa vitendo wa Muhimbili uligeuka mgomo wa nchi nzima, na Juni mwaka huo ukarudi tena. Madai yalihusu mishahara, posho za kuitwa kazini na za mazingira hatarishi, nyumba na vifaa vya kazi. Umma ulisikia zaidi habari za fedha, na kutekwa kwa kiongozi wa madaktari, Dk Steven Ulimboka, aliyekutwa Mabwepande akiwa amejeruhiwa vibaya. Suala la vifaa na mazingira ya kazi likafunikwa. Nchini Kenya madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Kenya ikaomba madaktari 500 kutoka Tanzania, Rais John Magufuli akakubali, na mpango ulipokwamishwa mahakamani nchini Kenya, serikali ya Tanzania ikaamua kuwaajiri hapa hapa nyumbani 258 waliokuwa wameomba nafasi hizo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, nao ulifichua jambo zito: nchi yenye upungufu mkubwa wa madaktari ilikuwa na mamia yao mtaani, wamefuzu na hawana kazi. Bado ni hivyo kwa madaktari, wauguzi na matabibu wengi. Hakuna semina ya kupambana na msongo itakayofanya kazi ya muuguzi wa pili wa zamu ya usiku.

Hata hivyo si kila kitu kinangoja bajeti ya taifa. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Maria Panagioti wa Chuo Kikuu cha Manchester, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kuwa hatua zinazobadili mpangilio wa kazi hupunguza uchovu wa madaktari kuliko zile zinazomlenga mtu binafsi, kama vile kumfundisha kutulia. Afrika Mashariki ina mifano yake ya kubadili mpangilio wa kazi.

Katika wodi ya wazazi ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, mradi wa PartoMa ulianza kwa kukiri kwamba miongozo ya kimataifa ya kusimamia uchungu iliandikwa kwa wodi zenye mkunga mmoja kwa mama mmoja. Mkunga mwenye wanawake wanne hawezi kuifuata, na kila siku anarudi nyumbani akijua ameshindwa. Wakunga na madaktari wa hapo walishirikishwa kutunga mwongozo mfupi unaotekelezeka kwa idadi yao halisi, na mafunzo mafupi yakawa yanarudiwa mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Baadaye kazi hiyo ikapelekwa katika hospitali tano za Dar es Salaam. Mtu anapopewa kazi inayowezekana hupata tena sababu ya kuifanya vizuri, na hiyo ndiyo dalili ya tatu ya uchovu ikitibiwa.

Mfano wa pili unatoka Tanga. Mradi wa Staha, uliofanyika Korogwe na Muheza kuanzia 2011, ulilenga lugha chafu na manyanyaso dhidi ya wanawake wanaojifungua. Badala ya kuanza na adhabu, jamii na watumishi walikaa pamoja, wakaandika mkataba wa huduma, kisha wodi ikachagua mabadiliko madogo: mapazia ya faragha, kuwauliza akina mama wanaporuhusiwa namna walivyohudumiwa, na hata chai kwa watumishi walio zamu. Uwezekano wa mama kunyanyaswa ulishuka kwa asilimia 66. Anayeidharau hiyo chai hajawahi kusimama saa 12 wodini na tumbo tupu. Mtumishi aliyeheshimiwa hupata heshima ya kuwagawia wengine.

Mabadiliko ya namna hiyo yako ndani ya uwezo wa mganga mfawidhi na muuguzi kiongozi wa hospitali yoyote ya Kinondoni au Temeke. Ratiba inaweza kubandikwa mwezi mzima kabla, ili mtu apange maisha yake, na ikakaguliwa ili asiwepo anayetoka jioni na kuingia asubuhi. Wanaoingia usiku wapewe zamu ya kulala kidogo kwa kupokezana, waziwazi, badala ya kuvizia. Makabidhiano yafanyike kitandani kwa mgonjwa na yaishe kwa wakati, kwa sababu dakika 40 za kila siku zisizolipwa huiba mapumziko ya mwaka mzima. Posho za kuitwa zilipwe mwezi zilipofanyiwa kazi. Posho inayokuja baada ya miezi mingi, tena baada ya kufuatiliwa, huacha kinyongo hata ikilipwa yote. Baada ya kifo kigumu, timu ikae robo saa kabla ya kurudi kazini. Na awepo mshauri nasaha ambaye mtumishi anaweza kumwendea bila taarifa kufika kwa bosi wake, kwa kuwa katika taaluma hii bado watu huona aibu kusema wamezidiwa.

Kwa hospitali binafsi za Mbezi Beach, mawili ni ya haraka. La kwanza ni usafiri wa watumishi wanaotoka usiku. Gari dogo linalozunguka hadi Tegeta na Bunju ni gharama ndogo kwa taasisi inayotoza viwango vya Mbezi Beach. La pili ni kumuuliza kila daktari wa patitaimu ametoka wapi na amelala saa ngapi, kisha kumpangia kazi kulingana na jibu, bila kumwadhibu kwa kusema kweli. Vyama vya wafanyakazi na vya kitaaluma, TUGHE ya wafanyakazi wa serikali na afya, Chama cha Madaktari Tanzania na Chama cha Wauguzi Tanzania, vina nafasi ya kudai saa hizo zihesabiwe kwa mtu na si kwa mwajiri. Keki na fulana za Siku ya Wauguzi Duniani kila tarehe 12 Mei zina thamani yake, lakini zikija peke yake ni shukrani isiyogusa kidonda.

Wananchi nao wana sehemu. Mgonjwa anayeanzia zahanati ya mtaa wake anawapunguzia mzigo Mwananyamala na Temeke. Ndugu mwenye malalamiko ayapeleke kwenye sanduku la maoni au kwa mganga mfawidhi, yatafanyiwa kazi zaidi kuliko matusi dirishani. Na waajiri wote wa sekta hii, wa umma na wa binafsi, waanze na ratiba ya mwezi ujao: wahesabu saa 12 za mapumziko kwa kila jina lililomo, na pale zinapokosekana waajiri mtu.